Shujaa akirudi shambani, makofi hayatoshi

Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kule Yordani, walikuwa na swali moja: wao wafanye nini? Luka ameliandika katika sura ya 3. Yohana hakuwaambia watupe silaha siku ile, wala hakuwapigia makofi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, tena waridhike na mshahara wao. Wahubiri wengi tunalipita jibu hilo haraka. Leo nataka tulitazame kupitia maisha ya mkulima mmoja wa Marekani aliyelibeba swali la askari wale maisha yake yote.

Jina lake ni Alvin York. Alizaliwa Desemba 13, 1887, katika kijiji cha Pall Mall, milimani jimboni Tennessee. Kwao walizaliwa watoto 11 katika nyumba ya magogo. Baba alikuwa mkulima na mhunzi. Alvin alisoma kwa miezi kama tisa tu, maana mikono yake ilihitajika shambani. Baba alipofariki mwaka 1911, alibaki kumsaidia mama kulea wadogo zake. Alikuwa hodari wa shabaha, lakini pia mlevi na mgomvi, na mama yake alilia kwa ajili yake. Mwanzoni mwa mwaka 1915 alimpokea Kristo. Akaacha pombe, akawa anafundisha shule ya Jumapili na kuongoza nyimbo.

Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani, na York akaitwa jeshini. Kwenye fomu ya kuandikishwa alijaza kwamba hataki kupigana. Aliomba aachwe kwa sababu ya dhamiri, ombi likakataliwa. Kambini aliwaambia wakubwa wake waziwazi kwamba Biblia anayoisoma inakataza kuua.

Hapa pananigusa. Kapteni Danforth na Meja Buxton hawakumcheka wala kumtisha. Walikaa naye, Biblia ikiwa katikati, wakajadiliana fungu kwa fungu. Kisha wakampa likizo ya siku 10 aende kwao akatafakari. York alipanda mlimani kuomba. Aliposhuka alirudi kambini akiwa na amani kwamba Mungu amemruhusu kwenda.

Oktoba 8, 1918, katika msitu wa Argonne nchini Ufaransa, kikosi chao cha watu 17 kilinyeshewa risasi za bunduki za rashasha. Wenzake sita walikufa, watatu wakajeruhiwa. York alijibu kwa bunduki yake, huku akiwapigia kelele Wajerumani wajisalimishe asije akaua zaidi. Jioni alikuwa ameua zaidi ya 20. Yeye na wenzake saba waliobaki walirudi na mateka 132. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba aliwaombea wenzake waliokufa, na Wajerumani pia, kwa kuwa wote walikuwa ndugu zake.

Alipewa Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa nchini kwake. Mei 1919 alipokelewa New York kwa vifijo. Matajiri wakamfuata na fedha nyingi: acheze filamu, asimame majukwaani, atangaze bidhaa. Akakataa. Aliona si haki kuuza jambo alilotenda akiwa amevaa sare ya nchi yake, jambo lililogharimu roho za watu. Alirudi Pall Mall, akamwoa mchumba wake Gracie, akashika jembe.

Mpendwa msomaji, hapo ndipo jibu la Yohana linapotimia. Kuridhika na mshahara si suala la mfukoni tu. Ni kukataa kuifanya damu ya wengine kuwa mtaji. Ni wangapi kati yetu, hata tusioshika bunduki, tunauza mateso tuliyopitia ili tupate jina?

Lakini sikiliza yaliyofuata. Wafadhili katika mji wa Nashville walitangaza kumzawadia shamba la karibu ekari 400. Walilipa fedha za mwanzo tu. Shamba halikuwa na vifaa vya kutosha, bei ya mazao ikashuka, na mkulima yule akajikuta anadaiwa kwa ajili ya zawadi. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Hapa deni la walioahidi lilimwangukia aliyeahidiwa. Ilibidi habari zake ziandikwe magazetini ndipo watu wachange kulimaliza.

York hakugeuka mtu wa kinyongo. Akiwa Ulaya alikuwa ameona jinsi elimu yake ndogo ilivyomfungia milango. Akaamua watoto wa milima yake wasome. Alizunguka nchi akiomba michango, akaanzisha shule ya sekondari mjini Jamestown ambayo ipo mpaka leo. Fedha zilipopungua, aliweka shamba lake rehani ili wanafunzi wapate usafiri. Filamu ya maisha yake aliyoikataa miaka mingi, iliyotoka mwaka 1941, aliikubali hatimaye ili apate fedha za kujenga shule ya Biblia. Fedha hizo zilimletea mgogoro mrefu wa kodi, na mwaka 1954 kiharusi kikamlaza. Kwa mara nyingine, ni michango ya watu iliyomwondolea deni lile. Alifariki Septemba 2, 1964. Alitamani kukumbukwa kwa shule kuliko kwa asubuhi ile ya Argonne.

Wapo wanaoyasoma maisha haya kama uthibitisho kwamba Mkristo anaweza kupigana bila shida yoyote. Mimi sioni hivyo. Mtu anayewaombea aliowaua hajaona kuua kuwa jambo jepesi. Wala sisemi alikosea kwenda. Nasema swali lile alikwenda nalo vitani, akarudi nalo. Aliendelea kulijibu kwa mikono yake, msimu baada ya msimu. Nabii Mika, katika sura ya 4, aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Mhunzi anajua chuma hakigeuki kwa kutazamwa. Kinahitaji moto na nyundo, na muda mrefu.

Katika makanisa yetu wamo wazee wa namna hii. Wapo waliovuka kwenda Uganda katika vita vya Kagera. Wapo vijana waliolinda amani Darfur na Kongo. Sasa wanalima mahindi na mihogo, Jumapili wanakaa benchi la nyuma. Siku ya Mashujaa tunawataja, tunawapigia makofi, kisha tunakwenda kula chakula cha mchana.

Tuwafanyie mawili. Kwanza, tuwe kama kapteni na meja wale: tukae nao, Biblia ikiwa mezani, tuwasikilize. Mzee anayeshtuka usiku hahitaji kuambiwa asahau. Anahitaji mchungaji asiyeogopa kusikia alichokiona. Pili, tukiahidi, tumalize. Kama usharika umesema utamwezekea mzee nyumba, bati la mwisho lipigwe msumari. Zawadi nusu ni mzigo kamili.

Askari wale wa Yordani walipouliza wafanye nini, walikuwa wametanguliwa na makutano, watu wa kawaida kama mimi na wewe, wenye swali hilohilo. Hao Yohana aliwajibu kwamba mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Jibu hilo ni letu. Leo ibada ikiisha, kabla hujatoka mlangoni, tazama benchi la nyuma.

Jumapili njema.