Kipepe Tunamjua, Aliyemtunga Je?

Mada ya toleo hili haikutoka ofisini. Ilitoka Uroa, kwenye maskani ya vijana karibu na ufukwe, baada ya alasiri, maji yamekupwa na kina mama wanarudi na magunia ya mwani. Ubishi ulikuwa wa manga, hadithi za picha za Kijapani. Mmoja alishikilia kwamba Eiichiro Oda, anayetunga One Piece tangu 1997, ameirefusha hadithi mpaka hajui aitue wapi. Mwenzake akamrukia: "Bwana we, si bora huyo? Isayama wa Attack on Titan kaimaliza yake 2021, mpaka leo watu hawajamsamehe kwa alivyoimaliza." Wa tatu alikuwa upande wa Koyoharu Gotouge, mtunzi wa Demon Slayer, kwa hoja kwamba fundi ni yule anayeaga mapema, watu bado wana hamu naye.

Vijana hawa Japani hawajafika na Kijapani hawakijui. Husoma kwenye simu, kwa Kiingereza, bando likiruhusu. Lakini walibishana juu ya watunzi: nani anajua kupanga kisa, nani anaua wahusika ovyo, nani amechoka. Nimekaa kwenye makongamano ya fasihi yasiyofika hapo.

Kisha mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu pembeni akauliza, "Na Sani je, wanangu?" Ubishi ukahamia nyumbani, kwenye gazeti la katuni la Sani, na ukabadilika sura. Majina sasa yakawa Kipepe, Lodilofa, Ndumilakuwili, Madenge. Nani alikuwa mchekeshaji zaidi, nani mjanja zaidi. Nikauliza nani aliyewatunga. Kila mmoja akamtazama mwenzake, na mzee, ambaye kalisoma gazeti hilo tangu ujana wake, akarudi kwenye nyavu zake.

Jina lipo. Philip Ndunguru alizaliwa 1962 na kufariki 1986, na katika umri huo mfupi aliwapa sura na tabia wahusika ambao Watanzania wa makamo wanawakumbuka kama majirani. Baada yake walichorwa na mikono mingine. Nakala za Sani zilipitishwa mtu kwa mtu mpaka majalada yakachanika, na msomaji wa shamba hakuwa na njia ya kujua kwamba Kipepe anayemcheka leo hakutoka kwenye kalamu ileile. Jina la gazeti lenyewe ni saini: waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, walichukua mwanzo wa jina la kila mmoja, wakapata Sani. Wangapi kati ya wasomaji wake waligundua?

Sisi wa Unguja tusijione wajanja. Mwambie mtu Bwana Msa, atakutajia kiko chake na marafiki zake. Mwambie Muhammed Said Abdulla, wengi watafikiri kwanza. Huyu ni mtu wa Makunduchi, aliyezaliwa 1918, na Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka 1960 ndiyo iliyofungua njia ya hadithi za upelelezi kwa Kiswahili. Herufi za mwanzo za majina yake matatu alimpa mpelelezi wake, na mpelelezi akaondoka nazo. Masoud Kipanya, mchoraji wa katuni, naye yamemfika: siku hizi panya wa kwenye katuni ndiye anayembeba mchoraji.

Wachoraji, hata hivyo, wana afadhali. Mchoraji huiba nafasi kwenye kona ya kisanduku cha mwisho, chini ya kiatu cha mhusika au pembeni ya ukuta, akaweka saini ndogo. Ndiyo maana Gado anajulikana Dar es Salaam na Nairobi, na Kingo tunajua ni wa James Gayo. Mtunzi wa kisa hana kona. Aliyekaa usiku kuamua kwamba mlevi aingie mlangoni kabla mkewe hajamaliza sentensi, kisanduku cha tatu na si cha nne, hana pa kuweka jina, na kicheko chote kilitegemea uamuzi huo.

Kuna wanaosema mbona si hasara: mhusika akiwa wa wote, hafi pamoja na mtunzi wake. Ndumilakuwili asingemzidi Ndunguru umri kama angefungwa kwenye jina la mtu mmoja. Hoja hii ina uzito, na sitaipuuza. Lakini Batman ameshikwa na watunzi chungu nzima, na wa siku hizi huandikwa majina, tofauti na yule aliyesahauliwa tangu mwanzo. Bill Finger alishiriki kumwumba Batman mwaka 1939 na kuandika visa vyake vya awali, huku mkataba ukimpa Bob Kane peke yake heshima ya uumbaji. Finger alikufa 1974. Kampuni ilikubali kuliweka jina lake pamoja na la Kane mwaka 2015. Batman hakupungukiwa na kitu. Aliyepungukiwa ni Finger, na hakuwapo tena kufidiwa.

Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu 2003. Lakini mtunzi wa katuni anayekwenda kudai haki yake na ukurasa usio na jina atatumia muda wake wa kwanza kutafuta mashahidi.

Basi kuanzia toleo hili kila hadithi ya picha itakuwa na majina kwenye ukurasa wake wa kwanza: aliyetunga, aliyechora, na aliyeandika maneno kwa mkono kama si mmoja wao. Majina yatakuwa na ukubwa uleule wa jina la mhusika. Msanifu wetu analalamika kwamba yanamharibia ukurasa, na ana haki. Ukurasa wa tisa umebanana kweli. Na wasomaji mnaotuletea barua za kubishana, tunazipenda, leteni kali zaidi. Ila barua itakayosema "yule jamaa wa Kipepe" tutairudisha, mkaulize kwanza.