Tunaomba Ili Iweje?

Mwezi huu tumeona tuongee juu ya maombi katika maisha ya Mkristo. Ndugu zetu Waislamu watuvumilie, ingawa nao huenda wakakuta humu jambo linalowagusa.

Sababu ni swali la mtoto wa darasa la tano. Tulikuwa katika hesabu za kugawanya, akanyoosha mkono: “Mwalimu, nyumbani tulifunga siku tatu ili tusafiri. Mbona Mungu hajajibu?” Darasa zima kimya. Na sisi kimya, kisha tukasema haya, rudini kwenye daftari. Si jibu la mwalimu, tunakubali.

Familia ile haiko peke yake. Mwezi wa kwanza wa 2025 Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, watu waliokuwa wamemaliza mahojiano na kupimwa afya, wengine wameshauza kuku na masufuria, walibaki. Tangu hapo tumesikia mengi. Kuna baba hakanyagi tena kanisani. Kuna mama aliyeambiwa kwenye mkesha kwamba dhambi yake ndiyo imefunga njia, alete sadaka ya kuifungua. Akatoa mafuta ya mgao, na wanawe wakala maharage ya chumvi tupu. Aliyemwambia hatumtaji, anajijua.

Tulirudi kwenye Biblia, Yeremia sura ya 28 na 29, maana mle kuna watu waliohamishwa kama sisi. Mwaka 597 kabla ya Kristo mfalme wa Babeli aliwachukua watu wengi wa Yerusalemu mateka. Nabii mmoja, Hanania, alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili watarudi. Habari tamu! Nani asingempigia makofi? Lakini Yeremia aliwaandikia barua wale wa Babeli kwamba itakuwa miaka 70. Aliwaambia wajenge nyumba, walime bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule waliopelekwa. Sisi hapa angalau wenyeji walitupokea. Wale waliambiwa wawaombee waliowateka!

Angalieni vizuri: maombi yale hayakuahidiwa kupunguza hata mwaka mmoja. Sasa yalikuwa ya nini? Kwa tunavyoelewa sisi, yalikuwa ya kuwafanya waishi na Mungu palepale walipo, wasikae miaka 70 wamefunga mizigo mlangoni. Mtoto anayemwendea baba yake siku ya kutaka viatu tu, huyo kwake baba amekuwa duka.

Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kile kimwondokee. Hakikuondoka. Nani atathubutu kusema ni dhambi yake ilifunga njia? Ila aliinuka pale akaenda kuwakabili waliokuja kumkamata, na wanafunzi waliosinzia wakakimbia.

Hatusemi watu waache kuombea safari. Ombeni, tena kwa machozi kama yapo. Zaburi nyingi ni malalamiko kabisa, na hakuna aliyezitoa kwenye Biblia. Tunachokataa ni kumpangia Mungu tarehe, halafu tarehe ikipita tunatafuta wa kulaumu ndani ya nyumba: mara mke, mara mtoto anayekojoa kitandani. Yametokea haya, jamani.

Yule mtoto tulimwita baada ya masomo. Tukamwambia hatujui kwa nini safari yao ilisimama, lakini si kwa kosa lake wala la mama yake. Alitazama chini muda mrefu. Kumbe alikuwa anafikiri ni yeye, kwa sababu siku ya pili ya kufunga alikula muhogo kwa jirani.

“Basi jioni tuombe nini?” akauliza. Tukamwuliza, kwenye mtaa wenu nani ana shida? Akamtaja bibi mmoja asiye na wa kumchotea maji. Tukasema anzeni na huyo. Jumamosi tulimkuta bombani na madumu mawili, analalamika foleni ni ndefu.

Mwenye swali lake aandike kwenye karatasi amletee mwalimu yeyote shuleni kabla ya tarehe 20. Si lazima kuweka jina.