Bi harusi, usiniombe muhuri wa fildi



Leo nasema na wewe uliyeko chuoni na tayari umeshachumbiwa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache nyuma alikuja dukani kwangu binti mmoja kupima shela. Alikuwa anasoma uhasibu, mwaka wa mwisho. Chuo kilimtaka afanye mafunzo kwa vitendo wiki nane, yaani fildi, na harusi ikaangukia katikati ya wiki hizo hizo. Singo, hina, kupeleka vyombo, wageni kutoka Pemba, hana pa kupumua. Akaniambia, "Dada, nipigie muhuri tu kwenye kitabu changu, nitaandika kuwa nilikuwa hapa kwako." Nikamwonea huruma. Nikatia saini wiki zote nane kwa mara moja, chai yangu haijapoa.

Ule ulikuwa ushahidi wa uongo. Sina la kujitetea, namwomba Allah anisamehe. Lakini ubaya wake niliuona baadaye zaidi.

Baada ya kama miaka miwili alirudi, mtoto kiunoni, anatafuta kazi. Bahati nilikuwa nataka mtu wa kuniwekea hesabu. Nikampa daftari la madeni, risiti za vitambaa na orodha ya arbuni za wateja, nikamwomba anitolee faida ya mwezi. Alikaa nazo mpaka adhuhuri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, chuoni tulikuwa tunapewa hesabu zimeshapangwa." Zangu hazijapangwa. Bei nyengine nimeiandika nyuma ya pakiti ya shanga, na mteja mwengine amelipa nusu kwa simu na nusu kwa mkono. Zile wiki nane zilikuwa za kujifunza mambo hayo hayo, na nilimnyang'anya mimi kwa muhuri wangu. Nilimchukua, nikamfundisha, na alhamdulillah ameweza. Ila alijifunza huku mtoto analia, wakati ambao angekuwa ameshaizoea kazi.

Mie nimesoma mpaka kidato cha nne, kisha kozi ya ushonaji. Cheti changu kilisema najua kukata. Lakini siku ya mwanzo kuwekewa mkasi mbele ya lesi ya mteja, mikono ilitetemeka. Kwenye kozi tulikata karatasi na kaniki. Karatasi ukikosea unachukua nyengine, lesi ya watu unailipa.

Najua utaniambia, "Mume atanitunza." Ni kweli, matunzo ni haki yako. Lakini kuna maradhi, kuna mauti, na kuna talaka, na sote tunawajua waliorudi kwao na godoro na watoto. Hata ndoa ikiwa na kheri tupu, dini yetu imempa mwanamke mali yake mwenyewe. Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuolewa na Mtume (s.a.w.), na uaminifu wa Mtume aliushuhudia pale alipompa bidhaa zake azipeleke Sham. Kazi ndiyo iliyomwonyesha mtu alivyo.

Basi fanya hivi. Kabla wazee hawajakata tarehe na kulipia ukumbi, weka ratiba ya chuo mezani. Posa ikija, usitosheke na neno "utaendelea kusoma tu". Uliza: na fildi je? Na kama ni Kiwengwa, au kwenda na kurudi kila siku? Mkubaliane mapema, na muulize sheikh wenu namna ya kuliweka sharti hilo katika ndoa. Kulisema kabla ya akdi ni rahisi kuliko kugombana baada ya fungate.

Barua ya utambulisho ichukue mapema, na usingoje wizara na benki peke yake. Maduka, zahanati, skuli na vikundi vya ushirika pia vina kazi ya kukufundisha. Na kama una utafiti wa kumalizia chuo, angalia tulichonacho. Wakulima wengi wa mwani hapa kwetu ni wanawake. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alifanya utafiti wake pamoja nao kwa miaka mingi, wakajifunza kuufanya mwani sabuni badala ya kuuza mkavu tu. Ule ni utafiti ulioingia jikoni kwa watu. Hata ukiwa mshika fedha wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, hesabu zile ni za kweli, usizidharau.

Na heshima yako iwe mbele. Bosi anayekutaka ubaki peke yako naye baada ya saa za kazi, hiyo si fildi. Ondoka, umwambie msimamizi wako wa chuo na wazee wako siku ile ile.

Kwetu sisi wenye maduka nina neno pia. Mtoto wa watu akija kujifunza, usimfanye wa kufagia na kutumwa urojo wiki zote. Mpe kazi halisi, umsahihishe, na nauli na chakula cha mchana visikushinde. Akikufanyia kazi ya mwajiriwa, mlipe. Tumefundishwa ujira wa mtu usicheleweshwe.

Mwezi uliopita amekuja bi harusi mwengine na ombi lile lile. Nilimkatalia. Alininunia, akaondoka. Baada ya siku tatu akarudi na mama yake, wamesogeza harusi mpaka fildi imalizike. Sasa anakuja kila asubuhi saa mbili, na juzi amenigundulia deni la laki moja na nusu nililokuwa nimelisahau.

Shela lake nalishona mwenyewe. Allah awafanyie wepesi nyote, na ndoa zenu ziwe za kheri na baraka. Amin.