Mkurugenzi wa Jina Tu: Kampuni Ikikwepa Kodi, Nani Anasimama Mahakamani?

Ndugu zetu Waislamu, visiwani kwetu imekuwa kawaida kijana kuombwa jina. Mwekezaji au jamaa anafungua kampuni ya utalii au ya kuagiza bidhaa, anataka mkurugenzi mwenyeji. Kijana anatia saini, anapewa chochote kila mwezi, na hesabu hazioni tena. Wazazi hufurahi. Tunaona ni wajibu wetu kueleza kinachoweza kumfika.

Wengi hudhani kuwa kampuni ni mtu wa kisheria, hivyo ikikosa itajibu yenyewe. Katika kodi, sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar kwa kodi za Muungano zinazokusanywa na TRA, ikiwemo kodi ya mapato. Kwa sheria hiyo, kampuni ikitenda kosa, kila aliyekuwa meneja wake wakati huo anahesabiwa naye kalitenda. Na "meneja" hapo ni mkurugenzi, ofisa, yeyote anayeweza kushiriki maamuzi makubwa, hata asiyeandikwa popote ambaye maagizo yake ndiyo yanayofuatwa. Kodi zisizo za Muungano, kama VAT ya Zanzibar, zina sheria zake chini ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar.

Mshitakiwa anayo njia ya kujitetea: aonyeshe kuwa alifanya uangalifu ambao mtu makini angeufanya katika hali kama yake. Kijana asiyewahi kufungua daftari la kampuni ataonyesha nini? Kusema "sikujua" kutamzidishia lawama tu.

Atauliza mtu: Qur-aan haikutufundisha, katika Suratul An'aam aya ya 164, kwamba hapana nafsi inayobeba mzigo wa nyengine? Ni kweli. Lakini huyu haulizwi mzigo wa mwengine. Anaulizwa cheo alichokikubali kwa saini yake.

Wapo pia wanaosema kodi ni dhulma, basi kuikwepa hakuna ubaya. Wanachuoni wamejadili sana kodi zisizokuwa Zaka, nasi hatuufungi mjadala huo hapa. Ila tutazame kodi inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Pesa ile imetoka katika jasho lake, naye ameambiwa inapelekwa serikalini. VAT nayo kailipa mteja. Kampuni imeshikishwa tu. Kuila ni khiyana ya amana, na Suratun Nisaa aya ya 58 inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Nasaha zetu ni hizi. Usitie saini ya ukurugenzi kabla ya kuona hesabu na risiti za kodi, na uzitake kila mwaka. Ukiona kasoro, pinga kwa maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan, Al-Baqarah 282, imekuja kutufunza kuandikiana madeni. Ukijiuzulu, hakikisha jina lako limeondolewa BPRA. Na baba mwenye kampuni akifariki, warithi waulize kwanza deni la kodi analodaiwa marehemu, kwani deni hutangulia mirathi, kisha wajue nani kati yao anachukua ukurugenzi, na kwa hesabu zipi.

Wazazi, mtoto akija na habari ya cheo, muulizeni kwanza kampuni inafanya nini na vitabu vyake viko kwa nani.

WaLlaahu A'lam.