"Mwanga" ni nani?

Neno "mchawi" halisemi ni mwanamume au mwanamke, na "mwanga" vilevile. Lakini hapa Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni mpaka Kuze, ukisikia "yule mwanga" ushajua anasemwa mama mtu mzima, mjane, anayeishi peke yake. Mwanamume mwenye hirizi tunamwita mganga, wakati mwengine shekhe (na pesa tunampa!). Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizi hizi za uchawi. Suratul Hujurat imekataza dhana mbaya na kuitana majina mabaya. Sasa wewe uliyemrekodi bibi wa jirani ukaposti "mwanga kanaswa", ushahidi wako uko wapi? Ifute hiyo video leo, kisha nenda kamuombe radhi.