Binti wa Mwana Kupona anatazama wapi?

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Mombasa, na kinachonisikitisha ni jinsi ushairi unavyosomeshwa kama hesabu. Mwanafunzi anahesabu mizani, anapigia mstari vina vya kati, anasema hili ni shairi la tarbia, anaandika kwamba mshairi anatoa nasaha, kisha anafunga daftari. Nasaha gani? Kwa nani? Aliyepewa aliipokeaje? Hayo hayamshughulishi, kwa kuwa hakuna anayemuuliza. Ndiyo maana nashikilia kwamba mashairi ya hekima yasomwe kwa makundi, na kila kundi lichore picha moja ya shairi lake, ya wote.

Chukua Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, na alimtungia binti yake. Kundi la wanafunzi watano lilipewa beti za mwanzo, pale mama mgonjwa anapomwita mwanawe aje karibu na wino na karatasi. Kazi ilionekana nyepesi: kitanda, mama, binti, basi. Mchoraji wao, kijana mwenye mkono mwepesi sana, alikuwa ameshamaliza kitanda kwa mkaa nyuma ya kalenda kuukuu alipofika kwenye uso wa binti akakwama.

"Macho yake yaelekee wapi?"

"Amtazame mamake. Ndiyo adabu."

"Na anaandika? Si atatazama karatasi?"

Msichana mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu kipindi kianze akasema, "Mimi ningetazama mlango."

Wakarudi kwenye utendi kutafuta jibu la binti. Wakapekua ubeti baada ya ubeti, wakakuta mama ndiye anayesema mwanzo hadi mwisho. Hapo wakaniita: "Mwalimu, kwani huyu binti alikubali?" Swali hilo sijalipata hata mara moja katika insha za mtihani, na ndilo swali ambalo kila anayeusoma utendi ule leo anapaswa kujiuliza, hasa akifika kwenye beti za utiifu kwa mume. Halikutoka kwangu. Lilitoka kwenye mkaa uliosimama juu ya karatasi, maana picha haikuruhusu uso usiotazama popote.

Wapo watakaoona jambo hili la kuchora mashairi ni geni, limeletwa na mitaala mipya. Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kusema hivyo. Siyu ile ile ya Bwana Mataka ilisifika kwa misahafu iliyopambwa kwa wino wa rangi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, mwanzoni mwa karne ya 19, aliishuhudia dunia inavyopita kwa kutazama kazi ya mafundi: majumba ya Pate yaliyobomoka na zidaka za ukutani zilizokuwa zikipangwa vyombo vya kaure, sasa makao ya ndege. Kundi lililopewa utenzi huo lilichora zidaka tupu, safu juu ya safu, bila mtu hata mmoja. Mwalimu mwenzangu alidhani hawajamaliza. Mimi naona walimwelewa Sayyid Abdalla kuliko kundi lolote nililowahi kulisomesha.

Kisha kuna khanga, ambayo naipenda kuliko mfano mwingine wowote. Pita mtaa wa Biashara hapa mjini utazame khanga zilizotundikwa madukani: pindo, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini. Jina linaweza kumsema jirani mwenye husuda huku mjini mmejaa korosho au maua. Picha haielezi maneno, wala maneno hayaielezi picha. Vimekaa pamoja, na mwenye kuvaa ndiye anayejua kwa nini. Wanafunzi wakiombwa kuchora shairi hukimbilia kuchora kila kilichotajwa: pametajwa simba, anachorwa simba. Nikiwaonyesha khanga ya nyumbani wanaelewa upesi kwamba wana ruhusa ya kuchagua kitu ambacho shairi halikukitaja, mradi waweze kukitetea.

Wenzangu wananiambia silabasi ni ndefu na KCSE haisubiri. Ni kweli. Lakini vipindi viwili vya kubishania shairi moja vina faida kuliko vinane vya kunakili sifa za bahari za ushairi. Hofu yao nyingine ni nzito zaidi: kwamba mmoja atachora na wanne watakaa kumtazama. Hilo hutokea, tena kwa urahisi, iwapo alama zote zinatolewa kwa uzuri wa picha. Kwangu nusu ya alama ni ya utetezi. Nikishamaliza kuitazama kazi, namnyooshea kidole yeyote katika kundi, mara nyingi yule asiyejua kuchora, naye anieleze kwa nini mlango uko wazi, kwa nini mama hana uso, ubeti gani umewafikisha hapo. Akishindwa, kundi zima limeshindwa. Tangu hapo hakuna anayekaa kutazama.

Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu. Kiswahili wanasoma wote, ila sanaa imewekewa mkondo wake, nayo itawafikia wachache walioichagua. Nawaomba wakuu wa shule wasiuache mgawanyo huo utenganishe vyumba vya walimu pia. Mwalimu wa Kiswahili na wa sanaa wapewe vipindi viwili vya pamoja kila muhula, wakubaliane shairi moja la hekima, na kazi za wanafunzi zitundikwe ukumbini siku ya wazazi, kila kundi likisimama kando ya picha yake kujibu maswali. Gharama yake ni karatasi za manila, mkaa na kalenda za mwaka jana.