Eti Kijana Hana Mgongo

“Mtoto wa miaka 17 anaumwa mgongo? Mgongo gani huo? Mgongo ni wa wazee, bwana!”

Studio nzima ikaangua kicheko. Aliyesema hayo ni mchambuzi wa soka, mchezaji wa zamani, na aliyekuwa akisemwa ni kijana wa kikosi cha pili ambaye hajagusa mpira tangu alipoanguka vibaya msimu uliopita. Mtangazaji, badala ya kumuuliza mgeni wake udaktari kausomea wapi, akampigia pasi: vijana wa siku hizi wamelelewa kwa chipsi mayai. Wakacheka tena. Kisha wakaenda kwenye tangazo, na tangazo lenyewe, amini usiamini, lilikuwa la dawa ya mitishamba inayotibu kiuno, ngiri na nguvu za kiume, yote kwa chupa moja.

Sina ugomvi na wachambuzi kutafuta riziki. Nchi hii sasa ina wachambuzi wengi kuliko mabeki wa kushoto, na wakibishana kuhusu mfumo na penalti usiku kucha mimi sina neno. Ila wakianza kutibu watu redioni, hapo tunakosana.

Na ubaya ni kwamba kauli hiyo si yake peke yake. Imo kwenye kila nyumba. Mtoto akilalamika kiuno, bibi anamcheka, wewe nawe una kiuno? Baba anamwambia aache uvivu. Mwalimu anampa jembe. Mama anapasha maji ya chumvi, angalau yeye kafanya kitu. Wote wanne wamekubaliana kwamba umri mdogo ni kinga, kwamba mwili wa kijana utajirekebisha wenyewe, tusubiri tu.

Mimi nasema jambo moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: umri mdogo ndiyo sababu ya kumpeleka hospitali. Fundi wa miaka 45 akikazwa na kiuno baada ya kushusha mifuko ya saruji, mara nyingi hali hutulia ndani ya wiki chache hata asipofanya la maana. Kijana aliyeumia uwanjani, wiki zikapita na maumivu yamebaki palepale, huyo ndiye wa kuwahishwa. Sisi tunafanya kinyume. Mzee akishika kiuno tunamtafutia gari, kijana akishika kiuno tunamtafutia kazi.

Kuna utafiti wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, ambao ningependa uchapwe kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya mwalimu wa michezo. Madaktari walilinganisha vijana 100 wa miaka 12 hadi 18 waliokuja wakilalamika mgongo na watu wazima 100 wenye malalamiko hayohayo. Kwa watu wazima, diski ndiyo iliyoongoza, watu 48. Kwa vijana, diski zilikuwa 11 tu, na 47 walikuwa na ufa kwenye mfupa wa pingili. Watu wazima wenye ufa huo walikuwa 5. Mia kwa mia: 47 kwa 5. Halafu mtu anakaa mbele ya maikrofoni anatuambia mgongo ni wa wazee.

Ufa huo unatokeaje? Nyuma ya kila pingili ya uti wa mgongo kuna kipande chembamba cha mfupa kinachounganisha kiungo cha juu na cha chini. Kwenye pingili ya mwisho ya kiuno, ile ya tano, ndipo mzigo unapolemea zaidi. Kila unapojipinda kinyumenyume na kujizungusha, yaani unaporuka kupiga kichwa, unapopiga shuti la mbali, unaporusha mkuki, kipande kile kinakandamizwa. Mfupa wa mtu mzima umeshakomaa. Wa kijana anayerefuka kila mwezi bado ni tofali bichi, na sisi tunalipandishia ghorofa: mazoezi asubuhi, mechi mchana, mashindano ya UMISSETA mwezi wa 6, ndondo likizo nzima. Mfupa unachoka, unafanya ufa, na kama mchezo hausimami, ufa haupati nafasi ya kuunga.

Pat Cummins, nahodha wa Australia kwenye kriketi (najua, kriketi tumewaachia watu wa Upanga, lakini mgongo ni mgongo), alicheza mechi yake ya kwanza ya Test akiwa na miaka 18, Novemba 2011, akaibuka mchezaji bora wa mechi. Ya pili akaicheza Machi 2017. Katikati hapo ni majeruhi juu ya majeruhi, na nyufa za mgongo ndizo zilizomkaa zaidi. Huyo ni kijana mwenye madaktari, mashine na wataalamu wa mazoezi wanaomhesabia mipira anayorusha. Wa kwetu ana chupa ya maji na kaka wa huduma ya kwanza anayekimbia na dawa ya kupuliza. Napenda sana ile dawa ya kupuliza. Goti, pssss. Mbavu, pssss. Juzi nilimwona mtu anapuliziwa kiatu.

Nina mpwa wangu, beki wa kati, anasoma bweni. Aliruka kwenye kona, akasukumwa hewani, akatua kwa mgongo kwenye uwanja mkavu usio na hata jani. Wakampuliza, akamaliza mechi, wakamsifu kwa moyo wa simba. Alipokuja likizo nikamtazama anavyoamka. Hakuinuka kama watoto wanavyoinuka. Aligeuka ubavu, akashusha miguu, akapiga magoti sakafuni kama anayesali, ndipo akajivuta juu kwa kushika kitanda. Viatu alifungwa na mdogo wake. Akipewa ule ufagio mfupi wa chelewa kufagia uwanja, anafagia hatua mbili anasimama, anajishika ukuta, na dada yangu kutoka jikoni anapaza sauti, “Hilo dume zima linachoka kufagia!” Nikamuuliza kijana anaumwa wapi. “Hapa, mjomba,” akaweka kidole kimoja, si kiganja, kidole, juu kidogo ya mkanda. “Nikijinyoosha nyuma ndo panachoma. Ila nimezoea.”

Nimezoea! Mtoto wa miaka 16 amezoea.

Kufikia hapo alikuwa ameshapitia tiba zetu zote. Alichuliwa kwa mafuta ya moto na mzee mmoja anayesifika kwa kunyoosha mifupa, aliyempandishia goti mgongoni na kumvuta mabega mpaka paliposikika mlio, akatangaza kwamba mshipa umerudi. Fikiria hilo kwa makini: pingili yenye ufa, unaibonyeza kwa goti. Akanunuliwa mkanda wa kiuno stendi. Duka la dawa wakampa diklofenaki, zikiisha anarudi kuchukua nyingine, hakuna aliyemuuliza ana vidonda vya tumbo au la. Kisha jirani mmoja, mtu mzima wa heshima zake, akatoa siri kwamba kijana wa kiume akiumwa kiuno hiyo ni ngiri, na chupa ikaletwa.

Hapa naomba nitoe la moyoni kuhusu ngiri. Ngiri ni ugonjwa unaojulikana, utumbo unapita penye udhaifu wa ukuta wa tumbo, na daktari wa upasuaji anautibu. Lakini mtaani kwetu kila kinachouma kati ya kitovu na goti la mwanamume ni ngiri. Nguzo za umeme zimejaa vibao vya ngiri kuliko matangazo ya kazi, na kila kibao kina namba ya simu, na kila namba ina mtu anayepokea kwa sauti nzito na kukuita “mheshimiwa”. Kijana ameanguka uwanjani mbele ya watu mia tatu, mnajua siku, mnajua saa, mnajua aliyemsukuma. Bado mnamnywesha dawa ya ngiri.

Wanaotetea mtindo huu wana hoja, kama inastahili jina hilo: sisi tulicheza pekupeku kwenye changarawe, tukaangushwa, na hatukufa. Hongereni kwa kutokufa. Ila wale wenzenu ambao migongo iliwatoa mchezoni hawaalikwi redioni kusimulia. Wapo mtaani, huyu fundi cherehani aliyekuwa winga, yule mlinzi anayelala ameketi kwa sababu akilala chali haamki. Na ninyi mnaojigamba, hebu niwaone mkiinuka kwenye kochi. Mkono mmoja gotini, mwingine kiunoni, na ule mguno mrefu unaosikika mpaka chumba cha pili. Mnadhani mguno huo ulianza lini? Watafiti wa Denmark waliwafuatilia mapacha takribani 9,600 kwa miaka 8, toka ujanani hadi utu uzima, wakachapisha matokeo mwaka 2006: aliyeumwa mgongo ujanani ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuumwa ukubwani. Shirika la Afya Duniani nalo linahesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Hao wote hawakuanza kuumwa siku walipofikisha miaka 50.

Wengine wanalia gharama. Haya, jumlisheni: mafuta, mzee wa goti, mkanda, vidonge vya kila wiki, chupa ya ngiri na nauli ya kuifuata. Dada yangu alipojumlisha alinyamaza muda mrefu, na si kawaida yake.

Kuna na hawa wenye cheti: alipigwa eksirei, haikuonyesha kitu, kwa hiyo anadeka. Eksirei ya kawaida mara nyingi haioni ufa mchanga wa pingili. Ndiyo maana daktari anayejua kazi huanza na maswali na mikono, na akiona dalili anaagiza kipimo cha ndani zaidi. Kwa mpwa wangu aliyeanza kuuona mwanga ni dada mmoja wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Akamwambia asimame kwa mguu mmoja ajipinde nyuma taratibu. Kijana akakunja uso. Akabadilisha mguu, akakunja uso zaidi. Akamlaza chali, akamnyanyua mguu ulionyooka, ukagoma katikati kwa jinsi misuli ya nyuma ya paja ilivyokaza. Akaandika, akampeleka kwa daktari wa mifupa, kipimo kikafanyika, ufa ukaonekana, pingili ya tano, mahali palepale alipokuwa akiweka kidole.

Na tiba? Watu wanadhani ukienda hospitali na mgongo unarudi umepasuliwa. Wengi wa vijana hawa hawahitaji kisu. Mpwa wangu alisimamishwa mpira kwa miezi 3, na kusimamishwa mpira hakumaanishi kulazwa kitandani. Anatembea, anakwenda darasani, anafanya mazoezi ya kukaza misuli ya tumbo na ya mgongo na kulegeza mapaja, mepesi kwanza, kisha magumu, kwa mpangilio. Mazoezi yenyewe ni ya kuchosha na hayana mbwembwe, nusu yake anafanya amelala kwenye mkeka sebuleni huku wadogo zake wakimruka. Lakini ameshaanza kukimbia. Viatu anafunga mwenyewe.

Yapo pia maumivu ambayo hayasubiri hata wiki, na haya wazazi wayajue kuliko majina ya wachezaji wa Ulaya. Kijana mwenye mgongo unaomwamsha usiku, mwenye homa, anayekonda, anayetoka jasho shuka zikalowa, huyo anaweza kuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, maradhi ambayo Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliyaeleza mwaka 1779 na ambayo hapa kwetu bado yapo. Huyo huachwa mpaka pingili zinaporomoka, ndipo watu wanaanza kumwita kibiongo. Na miguu ikiingia ganzi au kuishiwa nguvu, ganzi ikifika sehemu za siri, mkojo au choo kikigoma au kikitoka chenyewe, hiyo ni dharura ya leo hii, si ya Jumatatu.

Wazazi kidogo kidogo wanaelewa. Makocha hawajaelewa, kwa sababu kocha wa shule anapimwa kwa kombe, na kombe linatafutwa kwa vijana walewale 11 kwenye viwanja vilivyobaki baada ya vingine kujengwa fremu za maduka. Nilipopeleka barua ya hospitali shuleni kwa mpwa wangu, ilisema wazi: asicheze mpira, asibebe ndoo, asiiname kwa muda mrefu. Mwalimu wa zamu aliisoma mbele, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akanitazama.

“Mzee, hapa wameandika asiiname.”

Nikamwambia ndiyo, mwalimu.

“Sasa kufyeka je? Fyekeo letu lina mpini mrefu.”